Choki gani, risasi gani? Maswali ya walenga sahani wa Dar es Salaam

Mengi ya maswali haya huulizwa chini ya mwembe wakati watu wanasubiri zamu. Mengine yanaingia kwenye WhatsApp saa tano usiku, kesho yake kuna mashindano. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka hapa. Sahani ni vile visahani vinavyorushwa na mtambo nasi tunavivunja kwa shotgani; trapu, skiti na spotingi ni michezo mitatu ya kuvilenga. Marisawa ni zile punje ndogo zilizomo ndani ya risasi ya shotgani. Na hapa Kiswahili kinatubana kidogo: risasi ni kitu unachopachika kwenye bunduki, na risasi vilevile ni madini yanayotengenezewa marisawa. Nikitaka ya pili nitasema "madini ya risasi".

Choki ya bunduki na choki ya pikipiki ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Ya pikipiki inabana hewa isiingie nyingi kwenye kabureta, ya bunduki inabana marisawa yasitawanyike mapema. Ni kipande cha mwisho cha mtutu, urefu wa vidole vichache, ambapo tundu linapungua upana kidogo kabla ya kufika mdomoni. Bunduki nyingi za zamani zilichongwa hivyo moja kwa moja kiwandani; ukirithi ya babu yenye kamili, yaani ile choki inayobana kuliko zote, utaishi na kamili. Za sasa zina choki za kuskrubu, unatoa hii unaweka ile kwa ufunguo wake. Wazo lenyewe la choki ya kutoa na kuweka lina umri: Mmarekani Sylvester Roper alikuwa nalo tangu miaka ya 1860.

Robo, nusu, kamili: robo ya nini?

Ya milimita moja, kwa hesabu ya harakaharaka. Silinda haibani kitu. Choki ya skiti inabana kama milimita 0.12, robo 0.25, nusu 0.50, robo tatu 0.75, na kamili inazungukia milimita 1. Ngazi nzima, kutoka chini hadi juu, ni milimita moja! Chukua kadi yako ya benki uitazame kwa ubavu. Unene wake ni kama milimita 0.76, basi hiyo ndiyo robo tatu yako.

Kitu kidogo hivyo kinafanya kazi kubwa. Kwenye mita 18, silinda inatandaza marisawa kwenye duara la karibu sentimita 80, kamili inayaweka ndani ya sentimita 40 hivi. Ukisogea hadi mita 36, kamili imefika kama mita moja, na silinda imetanda kiasi kwamba sahani inaweza kupita katikati ya marisawa bila kuguswa.

Choki yangu ina mikato mdomoni. Inasema nini?

Mkato mmoja ni kamili, miwili robo tatu, mitatu nusu, minne robo, mitano silinda. Mikato ikizidi, choki inalegea. Wageni wengi wanasoma kinyume. Choki za Kiitaliano mara nyingine zinaandikwa 3/10 au 5/10, yaani sehemu za kumi za milimita. Za Kimarekani zinaandikwa .010 au .020, hizo ni sehemu za inchi, na .020 ndiyo nusu yetu.

Unapozisoma, bunduki iwe imevunjwa, yaani imefunguliwa kwenye bawaba yake, na umeona mwanga ukipita mitutu yote miwili. Nimewahi kuona mtu mzima, mwenye heshima zake, akichungulia mdomo wa bunduki iliyofungwa. Sikumwambia kitu, nilimnyang'anya.

Nimeazima choki kwa rafiki, inaingia vizuri. Si itafanya kazi ileile?

Huenda ikafanya kazi nyingine kabisa. Choki inapimwa kwa kulinganisha tundu lake na tundu la mtutu wako. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) unaweza kuwa na upana wa milimita 18.4, mwingine, hasa ile iliyopanuliwa kiwandani, ukafika 18.8. Choki yenye tundu la 18.0 kwenye ule wa kwanza inabana 0.4, chini kidogo ya nusu. Kwenye wa pili inabana 0.8, hapo umeshapita robo tatu. Maandishi ni yaleyale, bunduki mbili tofauti.

Halafu skrubu zenyewe hazifanani. Beretta peke yake ina Mobilchoke na Optimachoke, na haziingiliani. Browning ana Invector na Invector Plus, vivyo hivyo. Inayoingia nusu ikagoma, usiilazimishe. Inayoingia na kucheza, irudishe kwa mwenyewe.

Ninaanza tu. Ninunue choki ngapi?

Hakuna. Tumia zilizokuja na bunduki. Hela hiyo nunua risasi.

Kwa trapu niweke nini?

Trapu ya Olimpiki ndiyo inayotaka choki za kubana kuliko zote. Mitambo imefukiwa kwenye handaki mita 15 mbele yako, na sahani inapochomoka inakukimbia kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kulia au kushoto hadi nyuzi 45. Mpaka umeiona, umeifuata na umefyatua, iko mita 30 na ushee. Ukiikosa, risasi ya pili inaikuta karibu na 40. Isitoshe inakuonyesha ubavu: uso wa sahani ni milimita 110, lakini ubavu wake ni milimita 25 tu.

Kwa hiyo robo tatu kwenye mtutu wa kwanza, kamili kwenye wa pili. Kama una mkono mwepesi na unaipiga sahani kabla haijaenda mbali, nusu inatosha kwa wa kwanza. Kwenye bunduki ya mitutu miwili iliyolaliana, anza na wa chini, maana teke lake linakuja moja kwa moja begani na halikurushi mdomo juu, hivyo unawahi risasi ya pili.

Na skiti?

Skiti au silinda, mitutu yote. Vituo nane, nyumba mbili za kurushia, sahani zinapishana mbele yako na nyingi unazipiga ndani ya mita 20. Unataka wavu mpana, si mkuki. Kinachowasumbua watu kwenye skiti ya Olimpiki wala si choki: bunduki lazima ikae chini usawa wa kiuno mpaka sahani ionekane, na baada ya kuiita inaweza kutoka papo hapo au kukucheleweshea hadi sekunde 3. Sekunde 3 ni nyingi sana ukiwa umeshika pumzi.

Spotingi je, ambako kila kituo kina mambo yake?

Robo chini, nusu juu, halafu sahau kama zinatoka. Utamwona mwenzako kila kituo anazungusha ufunguo, anatafuta choki mfukoni, anaangusha moja kwenye majani. Akifika mstarini akili yake bado iko mfukoni. Sahani za mita 15 nusu inazivunja, za mita 35 robo inazivunja ukiilenga sawasawa. Mahali pekee ninapobadilisha ni pale kituo kizima, sahani zote, ziko mbali.

Sahani ya "sungura", ile inayobingirika chini, ni ngumu kuliko wenzake. Marisawa madogo yanaigonga na inaendelea na safari.

Nitajuaje kama choki yangu inafanya inachosema?

Kwa karatasi. Hapa ndipo ningependa watu wakae, na hapa ndipo wanaporuka.

Gundisha magazeti ya zamani kwa uji wa ngano mpaka upate shuka la mita moja na nusu kila upande, au nunua karatasi ya kaki Kariakoo ukitaka ustaarabu. Lisimamishe kwenye fremu ya mirunda, nyuma yake pakiwa na tuta salama. Pima umbali kwa futi kamba, usikadirie kwa hatua. Kipimo cha kawaida cha viwanda ni yadi 40, yaani mita 36.6, lakini kama wewe ni mtu wa skiti pima mita 20, maana huko ndiko utakakoishi. Weka doa katikati, lenga, piga. Kisha tafuta mahali matundu yalikojaa zaidi, pigilia msumari hapo, funga uzi wa sentimita 37.5 na kipande cha mkaa, chora duara. Utapata duara la sentimita 75.

Sasa hesabu. Gawa duara kama chapati, vipande vinne, kila kipande rangi yake ya kalamu, na kila tundu ulilohesabu liwekee alama. Risasi ya gramu 24 yenye marisawa ya milimita 2.4 ina punje kama 300. Kwenye yadi 40 kamili inatakiwa iingize asilimia 70 hivi ndani ya duara, nusu asilimia 60, robo 50, silinda 40. Rudia angalau mara tano, kila mara karatasi mpya, maana risasi moja haitoi ushahidi.

Bunduki yangu ya kwanza nilihesabu barazani na binti yangu, wakati huo yuko darasa la nne. Choki iliandikwa robo. Yeye akapata 183 kati ya 300 kwenye karatasi moja, mimi nikapata 176, tukarudia, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Karatasi zilizobaki hazikupishana sana na hiyo. Hiyo ilikuwa choki ya nusu kabisa. Miezi yote nikijilaumu kwenye skiti, kumbe nilikuwa napigia mkuki.

Ukimaliza kuhesabu, chukua sahani yenyewe uilaze juu ya karatasi na uitelezeshe huku na huku. Kila inapofunika matundu chini ya matatu, hapo ingepona. Kisha isimamishe kwa ubavu ufanye vilevile. Zoezi hilo linafundisha kuliko asilimia zote.

Angalia pia katikati ya mtawanyiko palipoangukia. Kama pako sentimita 20 kushoto ya doa kila mara, tatizo ni kitako cha bunduki au shavu lako, na hakuna choki itakayolinyoosha.

Gramu 24 au 28?

Inategemea unacheza nini. Kwa kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha linalosimamia trapu na skiti ya Olimpiki, ni gramu 24, na marisawa yasizidi milimita 2.6. Mwamuzi anaweza kukuomba risasi mkononi akaipime. Spotingi ya FITASC, shirikisho lingine la kimataifa, inaruhusu mpaka 28. Soma karatasi ya mashindano kabla hujabeba katoni.

Tofauti yake ni kama punje 50, na bega lako linazilipia. Raundi ya trapu ni sahani 25, kila moja unaruhusiwa risasi mbili, basi unabeba boksi mbili. Kuna siku za raundi tano. Ukipigwa teke zito mara 150 kwa siku, mwili unaanza kufumba macho wenyewe kabla ya kufyatua, na ugonjwa huo haufi upesi. Mimi nafanya mazoezi kwa 24 hata ya mashindano ya 28.

Mimi ni mwanamke. Nitafute risasi nyepesi zaidi?

Dada yangu, kwenye Olimpiki 24 ni ya wote. Zhang Shan wa China alichukua dhahabu ya skiti Barcelona 1992, wanaume na wanawake wakicheza pamoja. Kim Rhode wa Marekani alipata medali kwenye Olimpiki sita mfululizo, 1996 hadi 2016. Kitafute kitako kinachokutosha; wengi tunaanza na bunduki iliyokatwa kwa ajili ya mwanamume wa futi sita, halafu tunalaumu risasi.

Namba 7, 7½, 8, 9: nichukue ipi?

Usisome namba, soma milimita ubavuni mwa boksi. Namba 7 ya Uingereza ni milimita 2.4, na 7½ ya Marekani ni milimita 2.4 ileile. Namba ikipanda, punje inapungua ukubwa.

Trapu: 2.4. Skiti: 2.0, maana gramu 24 za 2.0 zinakupa punje zaidi ya 500 na umbali ni mfupi. Spotingi: 2.4 kwa kila kitu, au 2.0 kwa vituo vya karibu ukipenda. Punje ndogo inachoka upesi. Hata ile ya 2.4, ikitoka na mita 400 kwa sekunde, ikifika mita 36 imebakiwa na karibu nusu.

Boksi moja limeandikwa 400, lingine 415. Nilipe zaidi kwa hiyo kasi?

Hapana. Kwa sahani ya mita 35 tofauti hiyo inasogeza pigo kwa sentimita zisizofika kumi, na marisawa yako yametanda karibu mita nzima. Teke ndilo utakalolisikia.

Kwa nini risasi nyingine ni za bei mbaya na kwa nje zinafanana?

Fungua moja. (Kwa maana ya kuambiwa na anayejua, usiikate kwa kisu cha jikoni.) Nje kuna ganda la plastiki na kitako cha chuma chenye fataki katikati. Ndani kuna baruti, juu yake kikombe cha plastiki, na marisawa yamekaa kikombeni. Pesa iko kwenye marisawa. Madini ya risasi yakiwa matupu ni laini. Baruti ikiyasukuma na choki ikiyabana yanabonyea, na punje iliyobonyea hairuki sawa, inakwenda zake pembeni. Viwanda vinachanganya antimoni kuyapa ugumu, asilimia 2 hadi 5 hivi. Boksi zuri linaandika kiwango chake.

Kwa skiti na mazoezi ya karibu, za bei nafuu hazina ubaya. Kwa mtutu wa pili wa trapu, pale kwenye mita 40 na choki ya kamili, nunua ngumu. Na ukishapima karatasi kwa aina moja, kaa nayo. Choki ileile na risasi mbili tofauti zinaweza kukupa picha mbili.

Marisawa ya chuma je?

Ulaya yanazidi kutumika. Tangu Februari 2023 Umoja wa Ulaya umekataza ya madini ya risasi kwenye maeneo ya ardhioevu. Chuma ni chepesi, uzito wake ni kama gramu 7.9 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 ya madini ya risasi, hivyo unahitaji punje kubwa zaidi kufanya kazi ileile. Nacho hakibonyei. Usikipitishe kwenye choki inayobana kuliko nusu, isipokuwa choki yenyewe imeandikwa inakiruhusu, na usikitie kabisa kwenye bunduki ya babu.

Joto na chumvi ya Dar vinaharibu risasi?

Vinaharibu, na vinaanza na mwenye uvivu. Kitako cha risasi nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hewa yetu ya bahari inakila. Chenye kutu kinanasa kwenye mtutu, unabaki unavuta ganda kwa kucha huku wenzako watano wanakutazama. Weka boksi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usiziache kwenye buti la gari juani. Baruti ikipata moto mkali inasukuma kwa nguvu zaidi ya ilivyokusudiwa.

Choki nazo zitoe kila baada ya kupiga, futa masizi na mabaki ya plastiki, paka grisi kidogo kwenye skrubu, rudisha. Masika moja nilisafiri nikaacha yangu ndani ya mtutu wiki saba. Niliporudi ilikuwa imeoana nao. Mafuta siku nne, fundi wa silaha, na maneno ambayo sikuyaandika hapa.

Upepo wa kusi unanikosesha. Nibane choki?

Marisawa hayahangaishwi sana na upepo kwa umbali wetu. Sahani ndiyo inayocheza. Upepo ukija usoni unaiinua, ukija mgongoni unaikandamiza. Viwanja vya kusini mwa ikweta vinashauriwa vitazame kusini au kusini-mashariki ili jua lisikupige machoni, maana yake kusi ya Juni hadi Agosti inakuja mbele na sahani zinapanda kuliko ulivyozoea. Kaskazi ikiingia, Desemba, zinazama. Rekebisha jicho, choki iache.

Kuna kijana mtaani Gerezani, hapa Dar, anachonga chochote. Anichongee choki?

Mwachie sufuria na vipuri. Choki isiyokaa katikati ya mtutu kwa usahihi, au ambayo ukingo wake umejitokeza kidogo ndani, marisawa yataugonga huo ukingo na kuondoka na choki, pengine na mdomo wa mtutu. Fundi wa silaha ana leseni yake.

Risasi ililia "pu" badala ya "pa". Niendelee?

Simama. Fungua, toa kila kitu, chungulia kutokea nyuma. Kikombe cha plastiki kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Hivyo hivyo usichanganye risasi za geji 20 na 12 kwenye mfuko mmoja. Ya 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12, inakwama mbele, huioni, unapachika ya 12 nyuma yake. Ndiyo maana za 20 kwa kawaida hutengenezwa za njano.

Kibali?

Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usinunue risasi mkononi mwa mtu, hata kama ni shemeji yako.

Nimekosa tisa kati ya 25. Nibadilishe choki?

Kwanza niambie zile 16 zilivunjikaje. Zikigeuka moshi, uko katikati na choki yako inafanya kazi. Zile tisa umezikosa kwa mita, siyo kwa milimita. Zikivunjika vipande viwili vikubwa au kumeguka ukingo tu, ama uko pembeni ama mtawanyiko umelegea, na karatasi itakuambia ni lipi. Mtu asimame nyuma ya bega lako, atazame kama unasimamisha bunduki unapofyatua na kama shavu linanyanyuka kutoka kwenye kitako.

Mwenzetu mmoja alipita nusu, robo tatu na kamili ndani ya mwezi. Siku tuliyombandikia kipande cha plasta shavuni kwenye kitako, tukamwambia asiache kukigusa, alivunja 22. Ile kamili yake aliniazima mimi, na sijairudisha.